Upande wa Pili wa Behewa

Jumatatu, 3 Machi

Mabehewa yetu madogo ya mezani yamefika! Salama salimini! Mwenye lori aliyashusha maboksi uani asubuhi hii, nami nilikuwa nimesimama mlangoni roho mkononi, maana boksi la juu kabisa lilikuwa limebonyea kama kofia iliyokaliwa. Nikalifungua hilo kwanza. Ndani kila behewa limelala kwenye kitanda chake cha plastiki, halina hata mkwaruzo. Nilishusha pumzi mpaka mume wangu akaniuliza kama nimetoka kukimbia.

Baba mkwe hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti chake mle karakanani — karakana! gereji tu hiyo, ila gari halijawahi kulala humo — akaomba aletewe moja. Mume wangu akalitoa boksini, akaliweka kwenye reli ya mezani, akawasha umeme. Likaenda. Halikuyumba, halikulia, likapiga kona ya dirishani na kurudi. Ndivyo tulivyoandika juu ya boksi: "Tayari kwa reli." Hakuna gundi, hakuna rangi, unalitoa na kuliweka, basi. Baba akajifuta macho akasema gereji ina vumbi. Nilifagia mwenyewe jana, lakini nikakubali kuna vumbi.

Niandike kidogo, siku moja nitataka kukumbuka. Hili ni behewa la mizigo, lile la chuma lenye paa na mlango mmoja katikati ya kila ubavu. Baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo maisha yake yote ya kazi, anakaa mkiani, mabehewa kama haya mbele yake. Alipostaafu akasema atayatengeneza madogo, kila mtu aweze kuwa nayo mezani. Watu walicheka. Mimi nilikuwa napima viwanja vya watu. Siku moja akaniletea tepu mpya ya kupimia, akasema, mwanangu, viwanja haviendi popote, njoo upime kitu kinachotembea. Nikaacha kazi nikaja. Mabehewa makubwa nimepima mimi, kule kwenye reli ya kando yanakoegeshwa, na picha nimepiga mimi. Kiwanda cha ng'ambo kimefuata vipimo vyangu mpaka vichwa vya ribiti zinazoshika mabati.

Jumamosi ni maonyesho ya treni ndogo. Ndilo behewa letu la kwanza. Likipendwa, tunaendelea. Likichekwa, Baba amesema tangu mwanzo, hatarudia — na mimi sijui nitamtazamaje.

Ila leo sitaki kuwaza hayo. Leo nimefurahi!


Jumanne, 4 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa napanga mabehewa mezani kwa ajili ya picha ya tangazo. Nikaweka moja linatazama huku, jingine linatazama kule, ili yapendeze. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kitu kikanikera machoni. Sikujua ni nini. Nikadhani ni mwanga.

Si mwanga. Ni vile vyuma vya mshazari, viwili, kimoja kila upande wa mlango. Kwenye ubavu wa kushoto vinaanzia juu pembeni na kushuka mpaka miguuni mwa mlango. Kwenye ubavu wa kulia vinaanzia chini pembeni na kupanda mpaka kichwani mwa mlango. Behewa moja, mbavu mbili, na hazifanani!

Nikakaa chini pale pale sakafuni na kurudisha mawazo nyuma mpaka ile wiki ya kupima. Siku ya kwanza nilipima ubavu wa kushoto, namba 1163, behewa la mwisho kwenye safu, kando ya tangi la maji. Mvua ikaja. Nikarudi baada ya siku mbili kupima wa kulia. Behewa la mwisho, kando ya tangi la maji. Namba upande ule ilikuwa imeliwa na kutu, sikuona haja ya kuzunguka safu nzima kuhakikisha. Katikati ya siku zile mbili mabehewa yalikuwa yamepangwa upya. Yalisukumwa! Lile nililoanza nalo lilikwenda zake, na nililomaliza nalo ni dada yake wa toleo jingine.

Viwanja haviendi popote. Nimeacha kazi ya vitu vinavyokaa, nikaja kwa vitu vinavyotembea, nikavipima kama vinakaa.

Na hakuna aliyeona! Sampuli ya kiwanda ilipokuja Baba aliiweka rafuni sebuleni, ubavu wa kushoto ukitazama kiti chake, wa kulia ukitazama ukuta. Miezi yote hiyo tumeliangalia upande mmoja. Mimi pia. Nililipangusa vumbi kila wiki na kulirudisha vile vile.

Sijamwambia mtu. Chakula nilikigeuzageuza tu sahanini. Mama mkwe akaniuliza kama kuna jambo — akatazama na tumbo langu. La, Mama, si hilo.


Jumatano, 5 Machi

Nimesema.

Nilianza na mume wangu alfajiri. Akaligeuza behewa huku na huku, akasema mbona dogo hilo, nani ataona. Nikamtajia Mzee Lenzi. Akaliweka behewa chini. Mzee Lenzi hakosekani kwenye maonyesho yoyote: kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni, rula nyembamba mfukoni. Mwaka jana alimfanya mtu mzima afungashe meza yake kabla ya mchana kwa sababu ya bomba la injini yake ndogo lililozidi urefu.

Basi mume wangu akasema tusimwambie Baba mpaka baada ya Jumamosi. Kumbe Mama alikuwa mlangoni na birika la chai. Akasema mficha uchi hazai, na nyie mmeshachelewa kuzaa hata bila kuficha. Kisha akanishika bega: "Kosa moja haliachi mke, mwanangu. Nenda kamwambie, mimi nitakaa jikoni na masikio."

Nikapiga moyo konde nikaenda. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Nikaweka behewa moja mkononi mwake, nikaligeuza mwenyewe mbele ya macho yake. Kushoto. Kulia. Kushoto tena.

"Ulipima siku moja?" akauliza.

"Siku mbili, Baba. Mvua ilikatiza."

"Na kati ya siku hizo mbili?"

"Walipanga mabehewa."

Akafumba macho. Nadhani aliyasikia yakigongana. Hakupaza sauti — afadhali angepaza! Aliliweka behewa mezani taratibu, akachukua kofia, akatoka. Mchana hakurudi kula. Jioni alirudi, akamtuma Mama aniambie: maboksi yarudishwe stoo, na wenye maonyesho wapigiwe simu kwamba meza yetu haitakuwepo.

Nilipiga simu mara mbili na kukata kabla haijapokelewa. Sitaki kuua kitu chake kwa kidole changu mwenyewe. Nitapiga kesho.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Nausubiri huo mshindo.


Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi! Mikono yangu bado ina kutu na sitaki kuiosha.

Asubuhi Baba alikuwa amesimama getini, kofia kichwani. Shikamoo, Baba. Marahaba. Halafu: "Vaa viatu vya kufunika." Hilo tu. Nikavaa. Njia nzima yeye mbele, mimi nyuma, kama nimekamatwa.

Tukaenda reli ya kando. Alitaka kuyaona mabehewa yangu mawili kwa macho yake, lile nililoanza nalo na lile nililomaliza nalo. Nyapara wa matengenezo alikuwepo, anamjua Baba tangu enzi zake. Baba akamweleza. Sikutegemea angemweleza wazi vile, mbele yangu. Nikatazama kokoto.

Nyapara akacheka mpaka akakohoa. Akasema, gadi, wewe ulidhani sisi tulikuwa na duka la mabehewa? Likigongwa ubavu tulichukua ubavu wa lililogongwa kichwa, tukashona. Toleo la kwanza, toleo la pili, nani alikuwa na muda wa kuuliza? Viraka vitupu. Siku hizi mengi yamekatwa yakauzwa chuma chakavu, akasema, lakini kama bado lipo hata moja la viraka, litakuwa kwenye safu hizi tatu.

Baba akanitazama. Mara ya kwanza tangu jana.

Akasema yeye atashuka upande wa kushoto wa safu, mimi nishuke wa kulia. Kupita chini ya mabehewa ni marufuku, nyapara alishatukemea hata kabla hatujafikiria. Kwa hiyo tukatengana, ukuta wa chuma katikati yetu, nikawa naona viatu vyake tu kupitia kwenye magurudumu. Kila behewa anaita alichokiona, nami naita changu.

"Vinashuka!" anaita Baba.

"Vinashuka!" naita mimi.

Lifuatalo. "Vinapanda!" "Vinapanda!" Yote yanakubaliana. Safu ya kwanza hamna. Safu ya pili hamna. Moja lilinitia moyo, kumbe ni mlango uliong'oka, umeegemezwa mshazari tu. Jua likawa kali. Nikaanza kuita kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Safu ya tatu, karibu nusu yake:

"Vinashuka!"

Mimi nikatazama. Nikatazama tena. Nikashika chuma kwa mkono, kutoka chini pembeni mpaka juu kichwani mwa mlango.

"Vinapanda, Baba."

Viatu vyake vikasimama.

"Rudia."

"Vinapanda! Vinapanda, Baba! Wallahi vinapanda!"

Nikasikia kicheko. Sijawahi kumsikia Baba akicheka namna ile, hata kwenye harusi yangu. Na mimi nikakaa kwenye kokoto nikacheka na machozi juu. Lipo! Behewa langu la uongo ni la kweli! Kushoto vinashuka, kulia vinapanda, barabara kama nilivyopima, na lilikuwa limesimama hapa miaka yote likingoja mtu azunguke. Upande wa Baba namba ilisomeka: 1178.

Tulipokutana mwisho wa safu alikuwa amevua kofia. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Mwanangu, jana sikukukasirikia wewe. Mimi nilikaa mkiani mwa haya mabehewa maisha yangu yote. Nilikuwa naona nyuma yake, na ubavu wa upande wa jukwaa la stesheni. Nikajiona najua. Ningekuwa najua ningeligeuza lile la rafuni hata mara moja."

Nilimshika mkono — mkwe kumshika baba mkwe mkono hadharani! — naye hakuuondoa.

Nimefika nyumbani nikala sahani mbili. Simu kwa wenye maonyesho sikupiga, na sasa sipigi.


Ijumaa, 7 Machi

Kazi, kazi, kazi. Mabehewa yote yamechapwa namba 1163, na 1163 ni behewa jingine kabisa, yeyote anaweza kwenda kulitazama. Lazima yote yawe 1178. Leo tumeanza na yale ya maonyesho.

Mume wangu anafuta namba ya zamani kwa spiriti na pamba. Mimi nakata namba mpya za kubandika kwa maji. Baba anakausha kwa kupuliza, anasema hiyo ndiyo kazi pekee inayolingana na cheo chake. Na nani anabandika? Mama! Mimi nazichana, mume wangu anabandika upogo, Mama amevaa miwani yake ya kushonea na namba inakaa kama imezaliwa pale. Anaimba huku anabandika. Baba akimwambia apunguze sauti, anasema gadi amalize kupuliza.

Akaniuliza: hizi moja-moja-saba-nane, huyo ni nani? Nikamwambia ni behewa lililotuokoa. Akasema basi lingepaswa kuwa na jina, siyo namba kama mfungwa.

Mgongo unauma. Spiriti imenipanda kichwani. Nimeridhika.


Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi wa shule, meza ya tatu kutoka mlangoni. Tuliweka reli ya mduara, behewa linazunguka, na mengine yamepangwa mbele. Watu walikuja tangu mlango ulipofunguliwa. Mmoja aliwahi kuwa karani wa mizigo, akalishika behewa akalinusa! Sijui alitegemea harufu gani. Akanunua.

Kisha Mzee Lenzi.

Nilimwona akitokea mbali, meza kwa meza, anainama, anainuka, anaacha watu wamenyong'onyea nyuma yake. Alipofika kwetu hakusalimu. Akachukua behewa, akaweka kioo jichoni. Ribiti. Magurudumu. Breki. Akaguna — guno zuri, nadhani. Halafu akaligeuza.

Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Sijui kwa nini, mimi nilikuwa najua fika.

"Pande hazifanani," akasema Mzee Lenzi. Kwa sauti. Watu wa meza ya jirani wakageuka.

"Hazifanani," akasema Baba.

"Ni kosa."

"Ni kosa. La huyu hapa, mkwe wangu. Alianza kupima behewa moja akamalizia jingine." Ardhi, nimeze! "Na karakana ya reli nayo ilikosea vile vile, kabla yake. Namba 1178, safu ya tatu, reli ya kando. Nenda kaangalie. Ila uzunguke mpaka upande wa pili, usifanye kama sisi."

Mzee Lenzi akauliza kama ni lazima kuzunguka safu nzima. Baba akamwambia hakuna njia ya mkato. Yule mzee akaweka behewa chini, akatia kioo ndani ya shati, akaondoka. Hakuaga.

Mchana ule sikukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Vipi kama walishalisukuma? Vipi kama leo wamelivuta kwenda kulikata? Mabehewa yanatembea! Baba ananiambia tulia, na yeye mwenyewe alikuwa amekunywa chai yangu akidhani ni yake.

Akarudi. Suruali imejaa miiba ya nyasi, viatu vyeupe kwa vumbi, uso umeiva jua. Alikuja moja kwa moja mezani kwetu akaomba mawili. Mawili! Moja litazame sebule hivi, akasema, jingine litazame vile. Kisha akamwambia Baba, amekusanya mabehewa tangu ujana na hajawahi kwenda kutazama hata moja la kweli upande wa pili.

Waliosikia wakaanza kutaka mawili mawili. Mume wangu alikimbia nyumbani kumwambia Mama abandike zaidi.

Leo nalala. Mzigo umenitoka kichwani, shingo nyepesi mpaka inachekesha.


Jumapili, 9 Machi

Nimelala mpaka jua la mchana. Hakuna la kuandika. Raha.


Jumatano, 12 Machi

Baba alikuja gerejini baada ya chai, akafunga mlango. Nikadhani kuna baya.

Akasema ameshaamua behewa la pili. Nikaanza kumtajia niliyokuwa nayo akilini — la tangi, tangi halina kushoto wala kulia, mtu hawezi kukosea. Akatikisa kichwa. Behewa la gadi, akasema. Lile dogo la mkiani lenye kibaraza nyuma, lenye usukani wa breki na benchi la mbao. Chumba chake mwenyewe. Limebaki moja tu pale reli ya kando na nyapara amemwambia bado linatumika mara moja moja.

Nikamwambia, Baba, hilo mpe mtu mwingine apime. Nilisema kweli kabisa, sikuwa najipendekeza. Hilo si behewa, hiyo ni nyumba yake. Alikula mle, alisoma barua za Mama mle, habari ya kuzaliwa kwa mume wangu ilimkuta mle.

Akanipa tepu. "Ndiyo maana," akasema.

Niliingia jikoni nikamwambia Mama. Tukalia wote wawili kidogo, yeye akisingizia vitunguu.


Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya nimekaa kwenye taruma, lile gogo la chini ya reli, kwenye kivuli cha tangi la maji. Sina kingine cha kufanya.

Tulikuja mapema, Baba na mimi. Nyapara aliahidi behewa la gadi halitaguswa leo. Baba alipoliona alisimama kwanza. Rangi imebanduka, kioo kimoja hakipo, lakini kibaraza kiko imara. Akapanda. Akakaa kwenye benchi. Nikamwachia muda wake, nikajifanya nafuta tepu.

Ubavu wa kushoto tukapima vizuri kabisa, yeye ameshika ncha moja ndani ya kibaraza, mimi nyingine chini. Kila kipimo anakirudia kwa sauti. Namba tumesoma mara tatu. Nikachora, nikapiga picha. Nikamwambia sasa nazunguka upande wa kulia, ndipo injini ikaja. Ikagonga safu kutoka kule mbele, minyororo ikalia behewa baada ya behewa mpaka kwetu.

Nikapiga kelele: Baba, shuka, wanapanga!

"Sishuki."

Baba!

"Mwanangu, likienda naenda nalo. Safari hii hatupotezi behewa."

Nikadhani ni mzaha. Akasimama kwenye kibaraza, akaweka kofia sawa, akashika usukani wa breki. Akachungulia mbele upande huu, akachungulia upande ule. Halafu akanyoosha mkono juu, wima, akaushusha. Sijawahi kuona mkono wa mzee ukinyooka vile. Na safu yote ikaondoka! Polepole, ikapita mbele yangu, tepu ikanitoka mkononi ikawa inaburuzika nyuma yake kama mkia, na yeye anaikunja ndani, anacheka.

Nikasubiri. Nikajua wanabadilisha reli tu, watarudi.

Hawakurudi. Dada mwenye bendera, yule anayepanga mabehewa, alikuja anatembea, nikamuuliza. Akasema treni ya kokoto hiyo, imeshaondoka kwenda machimboni. Ilikuwa imekosa gadi tangu asubuhi. Nikamwambia, dada, yule si gadi! Yule ni baba mkwe wangu! Macho yakamtoka pima. Akasema, mbona alinipa ishara ya kuondoka? Tena ishara safi, vijana wa siku hizi hawaijui.

Amekwenda kumtafuta nyapara. Nyapara amekwenda kumtafuta mwenye redio. Hakuna anayepiga kelele, hilo limenituliza; yule mwenye redio amesema gadi — Baba huyo! — anaripoti kwa redio ya mle behewani kwamba mkia wa treni uko salama na breki inashika.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Ubavu wa kushoto ninao, kamili. Ubavu wa kulia umeondoka na baba mkwe wangu. Ninapaswa kuwa na hofu, na najichunguza, sina. Nimekaa hapa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Simu inalia. Ni Mama, anataka kujua tunarudi saa ngapi kula. Nimwambieje — kwamba mumewe amerudi kazini?